Yale Ambayo Wastani wa Jiji Hauyaonyeshi: Watu na Afya katika Mitaa ya Korogocho na Viwandani

Kwa miaka mingi vitabu vya afya ya jamii vilifundisha kwamba mkazi wa mjini ana afya bora kuliko mkazi wa kijijini. Hoja hiyo ilikuwa rahisi kueleweka: mjini kuna hospitali na madaktari, maji ya bomba yamefika, na shule ziko karibu. Takwimu za kitaifa nazo ziliiunga mkono. Nchini Kenya, makadirio ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini kote, 112 walifariki kabla ya kutimiza umri wa miaka mitano. Vijijini idadi hiyo ilikuwa 113, na katika jiji la Nairobi 62 tu. Aliyezisoma takwimu hizo bila kuzichambua angeweza kumshauri mama yeyote mwenye mtoto mchanga ahamie jijini.

Mwaka 2000 watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Barani Afrika, kinachojulikana kwa kifupi cha APHRC na chenye makao yake Nairobi, walifanya jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limefanywa kwa ukamilifu. Waliwahesabu na kuwahoji wakazi wa mitaa ya mabanda peke yao, bila kuwachanganya na wakazi wa mitaa mingine ya jiji. Matokeo yalikuwa watoto 151 waliofariki katika kila 1,000. Mtoto aliyezaliwa katika banda la Nairobi, umbali wa safari fupi ya matatu kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini, alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kufikisha miaka mitano kuliko mtoto wa kijijini aliye mbali na zahanati. Ile 62 ya jiji zima haikuwa ya uongo. Ilikuwa wastani, na wastani huweka katika kapu moja mtoto wa Karen na mtoto wa Korogocho, kisha humtaja mtoto wa tatu ambaye hayupo popote.

Makala haya yanaeleza yaliyojulikana tangu hapo kuhusu mitaa miwili ya Nairobi, Korogocho na Viwandani, na namna yalivyojulikana. Tumeichagua mitaa hii kwa sababu ni miongoni mwa mitaa iliyofuatiliwa kwa muda mrefu na kwa makini zaidi katika Afrika nzima, na kwa sababu mengi yaliyoonekana huko yanamhusu pia mhudumu wa zahanati ya Manzese au Tandale, na mgonjwa anayesubiri foleni huko.

Mitaa hii miwili iko mbalimbali kwa umbali na kwa tabia. Korogocho iko upande wa mashariki ya jiji, ikipakana na jaa la taka la Dandora ambalo limepokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970. Wakazi wake wengi wamekaa hapo kwa muda mrefu. Kuna familia zilizolea watoto na wajukuu katika nyumba zilezile za mabati na udongo. Viwandani, kama jina lake linavyosema, umebanana na eneo la viwanda. Huko wanakuja vijana kutafuta kibarua, wengi wao wanaume, wengi wakiwa wamesoma kidogo zaidi ya wenzao wa Korogocho, na wengi wakiwa wamewaacha wake au wazazi mashambani. Mitaa yote miwili ina shida zinazofahamika: maji ya kununua kwa mtungi, vyoo vichache vinavyotumiwa na kaya nyingi, mifereji iliyoziba, na vyumba ambamo watu wanapika, wanalala na kuuguza wagonjwa humohumo. Hata hivyo anayesema “mitaa ya mabanda” kana kwamba yote ni mmoja atakosea katika kupanga huduma. Mtaa wa familia zilizotulia unahitaji kliniki ya mama na mtoto na huduma kwa wazee. Mtaa wa vibarua vijana unahitaji huduma za afya ya uzazi, za majeraha ya kazini na za kifua kikuu, tena kwa saa ambazo kibarua ametoka kazini.

Inafaa kueleza namna hesabu yenyewe inavyofanywa, kwa kuwa wananchi wengi wamezoea sensa tu. Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi. Ni kama picha moja iliyopigwa usiku mmoja: inaonyesha waliokuwepo, lakini haielezi nani alikuja, nani aliondoka, nani alifariki na kwa nini. Mfumo ulioanzishwa Korogocho na Viwandani mwaka 2002 ni wa namna nyingine. Kwanza kila kaya iliandikishwa. Kisha wadodosaji, ambao wengi wao hutoka katika jamii hiyohiyo, walizirudia kaya zote mara tatu kwa mwaka, yaani kila baada ya miezi minne, wakiuliza maswali yaleyale: Je, kuna mtoto aliyezaliwa? Kuna aliyefariki? Kuna aliyehamia au aliyehama? Kila mtu ana namba yake, na maisha yake yanaandikwa kama kitabu kinachoongezwa ukurasa kila ziara. Kwa njia hiyo inawezekana kujua mtoto fulani alizaliwa lini, mama yake alifika mtaani lini, alichanjwa lini, na kama alifikisha umri wa miaka mitano.

Pale kifo kinapotokea, mdodosaji aliyefundishwa huirudia familia baada ya muda wa maombolezo na kuuliza kwa utaratibu dalili alizokuwa nazo marehemu: homa ilidumu siku ngapi, kulikuwa na kikohozi, alipungua uzito, alivimba miguu, alipooza upande mmoja. Majibu hayo husomwa na madaktari zaidi ya mmoja, kila mmoja peke yake, na kila mmoja huandika chanzo cha kifo anachokiona. Wakikubaliana, chanzo hicho huandikwa, wasipokubaliana, hujadiliana. Njia hii, ambayo tunaweza kuiita uchunguzi wa kifo kwa mahojiano, haina uhakika wa uchunguzi wa maiti hospitalini. Lakini katika mtaa ambamo wengi hufia nyumbani bila hati ya daktari, ni hiyo au kutojua kabisa. Msomaji ambaye familia yake imewahi kuulizwa maswali ya namna hii, na ambaye pengine aliona ni usumbufu wakati wa msiba, ajue kwamba majibu yale ndiyo yaliyowezesha sehemu kubwa ya yanayosimuliwa hapa.

Jambo la kwanza ambalo ufuatiliaji huu ulilifunua ni kwamba watu wa mitaa hii hawatulii. Kati ya mwaka 2003 na 2007, takriban robo ya wakazi walibadilika kila mwaka, na waliohama zaidi walikuwa vijana wenye umri wa miaka 20 hadi 24. Hawa si watu waliokuja mjini wakabaki. Wanakuja, wanakaa mwaka au miwili, wanahamia mtaa mwingine kufuata kazi au kodi nafuu, wanarudi shambani, kisha wanakuja tena.

Mhudumu wa afya anapaswa kuitazama robo hiyo kwa makini. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mgonjwa anayeanzishwa dawa mwezi Januari katika mtaa ambao robo ya watu wake huhama ndani ya mwaka, ana uwezekano mkubwa wa kuwa mahali pengine kabla ya kumaliza dozi. Daftari la kliniki litamwandika kuwa ametoroka tiba. Yeye mwenyewe hakutoroka chochote, alifuata kibarua. Swali la kumuuliza mgonjwa huyo siku ya kwanza si tu “Unaishi wapi?” bali pia “Unatarajia kuhama?”, na kumwonyesha mapema namna ya kupata barua ya uhamisho na kituo kilicho karibu na kule anakokwenda. Kwa upande wake mgonjwa anayehama asione aibu kurudi kuomba barua hiyo. Kadi ya kliniki, ya mama, ya mtoto, ya VVU au ya sukari, inastahili kufungwa pamoja na kitambulisho na fedha za nauli, si kuachwa ikining'inia ukutani mwa chumba kilichohamwa.

Kuhama huku kuna athari nyingine kwa takwimu zenyewe, ambayo wachache huifikiria. Katika eneo la Agincourt, huko vijijini Afrika Kusini, watafiti waliofuatilia jamii kwa njia kama hii waligundua kwamba wafanyakazi wengi waliokwenda mijini walirudi nyumbani walipougua sana, wakafia huko. Nani katika Afrika ya Mashariki haijui desturi hiyo? Mgonjwa asiye na matumaini hupandishwa basi kurudishwa kwa wazazi. Kifo chake kinaandikwa kijijini, kama kinaandikwa, na mtaa wa mjini alikoupata ugonjwa unabaki ukionekana na afya kuliko ulivyo. Kwa hiyo tunapotaja idadi ya vifo vya watu wazima katika mtaa wenye wahamiaji wengi, yafaa tukumbuke kwamba huenda ni pungufu.

Turudi kwa watoto. Katika miaka ya mwanzo ya ufuatiliaji, nimonia na magonjwa ya kuhara ndiyo yaliyoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Hayo hayamshangazi yeyote aliyeingia katika chumba chenye jiko la mkaa na dirisha moja, au aliyeona mfereji wa maji machafu ukipita mlangoni. Lililoshangaza ni nani hasa walikuwa watoto hao. Watafiti waliwagawa watoto kufuatana na safari za mama zao: waliozaliwa na mama wenyeji, waliohamia wakiwa tayari wamezaliwa, na waliozaliwa mtaani na mama waliofika wakiwa wajawazito. Kundi hili la mwisho ndilo lililokuwa na hatari kubwa kuliko yote ya kufariki.

Ukilitafakari, maelezo yake hayako mbali. Mwanamke anayehama akiwa na mimba amekatiza kliniki aliyoianza, kama aliianza. Hajui zahanati ipi ina mhudumu mwenye ujuzi na ipi ina koti jeupe tu. Hana mama mkwe, shangazi wala jirani wa zamani wa kumshika mkono uchungu unapoanza usiku. Kipato cha kaya kimeyumba kwa sababu ya safari yenyewe. Huenda pia alihama kwa sababu mambo yalikuwa yameharibika alikotoka. Jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja: mhudumu wa kliniki ya wajawazito anaweza kuongeza swali moja katika maswali yake ya kawaida, “Mama, umeishi hapa kwa muda gani?”, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuwatembelea kwanza wale walioingia mtaani miezi ya karibuni. Swali hilo halihitaji kifaa wala bajeti.

Ulishaji wa watoto wachanga nao ulifuatiliwa. Ushauri unaotolewa katika kila kliniki ni kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo. Katika Korogocho na Viwandani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto walionyonyeshwa hivyo kwa miezi sita kamili walikuwa takriban 2 katika kila 100. Wako watakaosema kwamba mama hawa hawana elimu. Mimi sikubaliani na maelezo hayo mepesi. Mama wa Viwandani anayefua nguo za watu kwa malipo ya siku hana likizo ya uzazi. Asipokwenda kazini leo, hakuna chakula leo. Mtoto huachwa kwa jirani au katika chumba cha kulelea watoto, na huko hupewa uji mwepesi au maziwa yaliyochanganywa na maji yaleyale ya mtungi. Ushauri wa kliniki kwa mama huyo unapaswa kujumuisha namna ya kukamua maziwa kwa mikono safi, kuyahifadhi katika chombo chenye mfuniko mahali penye ubaridi, na kumwelekeza mlezi ampe mtoto kwa kikombe. Hata hivyo mtu asidhani kwamba kikombe kitamaliza tatizo ambalo chanzo chake ni ujira wa siku.

Zaidi ya hayo, watoto wa Korogocho wana jirani mbaya. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto na vijana 328 wa maeneo yanayozunguka jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na kiasi cha madini ya risasi katika damu kilichofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikitumika wakati huo kama mpaka wa hatari. Risasi huathiri ubongo unaokua na huleta upungufu wa damu. Haina dalili ya wazi katika hatua za mwanzo. Mtoto huonekana mzito wa kujifunza, na mwalimu humwita mvivu.

Kwa upande wa kina mama wenyewe, miaka ya 2003 hadi 2005 iliacha takwimu ya kutisha: katika mitaa hii miwili, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 706 katika kila vizazi hai 100,000. Vyanzo vikuu vilikuwa matatizo ya utoaji mimba, kutokwa na damu nyingi, maambukizi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba na kupasuka kwa mfuko wa uzazi. Kati ya wanawake waliofariki, karibu mmoja tu kati ya watano alikuwa amehudumiwa na mtaalamu wa afya wakati wa kujifungua au mimba ilipotoka.

Mtu angedhani basi kwamba wanawake wa mitaa hii hawaendi katika vituo vya afya. Wanaenda. Utafiti wa mwaka 2006 uliwauliza wanawake waliojifungua karibuni mahali walikojifungulia, na 70 katika kila 100 walijibu kuwa ni katika kituo cha afya. Kisha watafiti wakafanya jambo la busara: wakaenda kuviangalia vituo hivyo. Walipoondoa vile visivyo na wahudumu wenye ujuzi na vifaa vinavyostahili, 70 ikashuka hadi 48. Tofauti ya wanawake 22 katika kila 100 ni ya wale waliofanya kila walichoambiwa. Walitoka nyumbani, walilipa, waliingia mahali penye kibao cha msalaba mwekundu, na bado hawakupata msaada ambao ungewaokoa kama damu ingeanza kutoka. Vituo hivi vidogo vya watu binafsi, vingine visivyosajiliwa, vimejaa katika mitaa ya namna hii kwa sababu viko karibu, vinafunguliwa usiku, na huwakubali wagonjwa kwa mkopo. Hospitali ya serikali iko mbali, na usiku wa manane njia ya kwenda huko ina hatari zake.

Mama mjamzito anayesoma makala haya ana haki ya kuuliza mapema, kabla ya siku ya kujifungua: Je, kituo hiki kimesajiliwa? Mkunga aliyesomea yupo usiku? Mkishindwa, mnanipeleka wapi, na kwa gari gani? Kituo kizuri hakikasiriki kwa maswali haya. Kisichoweza kujibu la tatu kimekwisha kujibu yote.

Mabadiliko yalikuja. Uchunguzi kama ule wa mwaka 2000 uliporudiwa mwaka 2012, vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika mitaa ya mabanda ya Nairobi vilikuwa vimeshuka kutoka 151 hadi takriban 80 katika kila 1,000. Ni karibu nusu, ndani ya miaka 12. Katika kipindi hicho dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma, mwaka 2006. Chanjo mpya ziliingizwa, ikiwamo ile ya kukinga nimonia mwaka 2011. Na miradi mingi ya afya ililenga mitaa hii kwa kuwa sasa hali yake ilijulikana. Sehemu ya kila kimoja katika mafanikio hayo ni vigumu kuipima. Hata hivyo 80 bado ilikuwa juu ya wastani wa taifa, ambao kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuwa 52. Mwezi Juni 2013 serikali ya Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, hatua iliyolenga moja kwa moja tatizo tulilolieleza hapo juu.

Kwa watu wazima na watoto waliopita umri wa miaka mitano, UKIMWI na kifua kikuu vilichukua takriban nusu ya mzigo wote wa vifo vya mapema katika miaka ya 2003 hadi 2005. Miongoni mwa vijana wa kiume majeraha yalichukua sehemu kubwa, hasa ya kushambuliwa na ya ajali za barabarani. Baadaye, dawa za VVU zilipoenea, vifo vya UKIMWI vilipungua, na ndipo ugonjwa uliokuwa umejificha nyuma yake ulipoanza kuonekana: shinikizo la juu la damu.

Hapa inabidi tueleze hesabu moja ambayo mara nyingi huwapotosha hata wataalamu. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mitaa miwili, kila mmoja ukiwa na watu 10,000, na kila mmoja ukiwa na wagonjwa 12 wapya wa kiharusi kwa mwaka. Ukiitazama juu juu, mitaa hii iko sawa. Sasa tuseme kwamba mtaa wa kwanza una vijana wengi, na wenye umri wa miaka 45 na zaidi ni 1,000 tu. Mtaa wa pili una watu 4,000 wa umri huo. Tuseme pia, ili kurahisisha, kwamba wagonjwa wote wa kiharusi wanatoka katika kundi hilo la umri. Basi katika mtaa wa kwanza wamepata kiharusi watu 12 kati ya 1,000, na katika wa pili 12 kati ya 4,000, yaani 3 katika kila 1,000. Hatari ya mtu wa makamo katika mtaa wa vijana ni mara nne ya mwenzake. Wingi wa vijana umeuficha ugonjwa wa wazee.

Hilo halikubaki la kufikirika. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, watafiti nchini Tanzania waliwafuatilia wakazi 56,517 wa Dar es Salaam na 159,814 wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakiandika kila kiharusi kipya. Kwa hesabu ya kawaida, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa 107.9 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Hai 94.5. Tofauti ni ndogo, na ofisa wa mipango angeweza kuipuuza. Lakini Hai ina wazee wengi, na mitaa ya Dar es Salaam ina vijana wengi. Hesabu iliporekebishwa ili maeneo yote mawili yalinganishwe kana kwamba yana mgawanyo mmoja wa umri, Hai ilipata 108.6 na Dar es Salaam 315.9. Kwa watu wa rika moja, kiharusi kilikuwa karibu mara tatu zaidi jijini kuliko vijijini.

Mtaa wa vijana wa leo utakuwa mtaa wa watu wa makamo baada ya miaka 20, hata kama robo yao wanahama kila mwaka, kwa maana wengine wanabaki na wanaokuja nao wanazeeka. Katika Korogocho na Viwandani tayari uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 5,000 umeonyesha kwamba kati ya waliokutwa na shinikizo la juu la damu, karibu mmoja tu kati ya watano alikuwa anajua kuwa analo. Wanne waliobaki walikuwa wakibeba mizigo, wakiuza mboga na kuendesha bodaboda bila habari. Programu iliyoanzishwa Korogocho ya kuwapima watu nyumbani na kuwaelekeza kliniki iliwapata wengi, lakini wengi wao hawakuendelea na miadi baada ya ziara za kwanza. Ugonjwa usiouma ni vigumu kumfanya mtu apoteze ujira wa siku kwa ajili yake, na dawa inayomezwa kila siku bila kuleta nafuu inayohisiwa huonekana kuwa fedha iliyopotea.

Kwa mgonjwa aliyeambiwa kwamba ana shinikizo la damu, yaani vipimo vyake vimekuwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, ni muhimu aelewe kwamba kujisikia vizuri si dalili ya kupona. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Dawa husimamishwa kwa ushauri wa daktari tu. Ikiwa gharama au muda ndiyo kikwazo, hilo lisemwe wazi kliniki, kwani zipo dawa za bei nafuu za kumezwa mara moja kwa siku, na mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa za miezi miwili au mitatu ili asipoteze siku ya kazi kila mwezi. Kwa mhudumu, kipimo cha shinikizo kisingoje mtu aje akilalamika kichwa. Mama aliyemleta mtoto kuchanjwa, kijana aliyekuja kufungwa kidonda, na mzee aliyemsindikiza mgonjwa, wote wana mkono wa kufungwa kipimo kwa dakika tatu wakiwa wamekaa kwenye benchi lilelile.